Sabuni ya Mwenzio

4 Februari

Shikamoo Mwalimu,

Ningepiga simu, lakini mwanao aliniambia masikio yako yalistaafu kabla yako. Basi naandika, tena kwa herufi kubwa, kama ulivyotaka enzi zile nikiandika zamu za jikoni ubaoni.

Ni mimi, Kengele. Yule uliyemchukua jikoni kwako baada ya baba yangu kufariki nikiwa kidato cha pili, ukasema, "Kama huwezi kulipa ada, angalau usiwe mbali na shule." Miaka ishirini nilikoroga sufuria zako na kugonga kile kipande cha reli kila saa ya kipindi. Sasa nina miaka arobaini na saba, na ni msimamizi wa chumba cha kufulia nguo hapa hospitali. Nina watu tisa chini yangu na mashine nne, moja mgonjwa kuliko wagonjwa.

Tumeletewa Katibu mpya wa hospitali. Wiki iliyopita ametutangazia kwamba kila msimamizi alete cheti chake cha sekondari kabla mwaka haujaisha. "Cheti chenyewe," alisema, "siyo barua inayosema kipo." Mwalimu, niliona kama ananitazama mimi. Kwenye faili langu hakuna cheti. Iko barua yako ya miaka kumi na mmoja iliyopita, yenye muhuri wa shule, isemayo nilimaliza kidato cha nne na cheti kiliungua.

Sikuandikii uniandikie nyingine. Hiyo moja inatosha kuninyima raha. Nimejiandikisha kufanya mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, mwezi wa kumi. Masomo mengine nitapambana nayo. Hesabu ndiyo inanitisha. Nifundishe kwa barua, tafadhali, kama una nguvu bado.

Wako mtiifu,
Kengele

15 Februari

Kengele, binti yangu,

Marahaba. Nguvu ninazo za kuandika. Za kutembea ndizo zimepungua. Tangu mama watoto atangulie, meza yake ya kushonea imekuwa meza yangu ya kusomea, na ina nafasi kubwa mno kwa mzee mmoja.

Tutaanza na milinganyo. Usiiogope ile herufi. Ni bunda la shuka ambalo hujalifungua: hujui zimo ngapi, lakini ukijua mabunda matatu na shuka tano za juu ni shuka hamsini, utatoa zile tano, kisha utagawa kwa tatu. Fanya maswali ishirini ya karatasi ya kwanza, usiruke hatua hata moja. Anayeruka hatua hukosea mahali asipopajua, na kosa la namna hiyo ni gumu kulirudia.

Sasa nikueleze jambo, maana bila kulieleza sitafundisha vizuri. Ile barua naikumbuka. Ulikuja ofisini umevaa aproni, ukaniambia hospitali inaajiri lakini inataka waliomaliza sekondari. Ulikuwa umeniomba mara tatu, katika miaka ile, nikupange darasa la jioni ufanye mtihani. Mara zote tatu nilikujibu, "Mwaka ujao." Kukufundisha kungenichukua mwaka mzima. Kuandika kwamba umemaliza kulinichukua dakika kumi, na mle ndani zimo dakika za kutafuta muhuri. Nikajisifu kwamba nimekusaidia. Wewe ukalia, ukanishukuru. Nilizipokea shukrani zako, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Nina swali moja, nalo si la hesabu. Ulipopewa usimamizi, kulikuwa na mwingine aliyekitaka kile kiti?

Mwalimu wako wa zamani

9 Machi

Shikamoo Mwalimu,

Maswali ishirini haya hapa. La kumi na saba lina doa la mafuta, ni mjukuu wangu, siyo mimi. Umeniambia nisiruke hatua, nami sikuruka, ndiyo maana nimemaliza daftari zima. Ukiona nimekosea, usinionee huruma. Wino wako mwekundu naukumbuka: ulikuwa unachana karatasi.

Swali lako nililisoma nikalikunja. Nikalikunjua. Nikalikunja tena.

Ndiyo, alikuwepo. Tunamwita Mama Pacha, kwa ajili ya wale wanawe wawili wasiojulikana nani ni nani. Yeye anakaa kwenye pasi kubwa. Tuliitwa wawili, miaka sita iliyopita. Yeye alipeleka cheti halisi, mimi faili langu lilikuwa na barua yako. Katibu wa wakati ule akasema, "Wote mmemaliza sekondari, basi nitaangalia nani mkubwa kwa umri." Mimi namzidi miaka mitatu. Ndivyo nilivyokipata kiti, Mwalimu.

Na hapa usicheke. Huyo huyo Mama Pacha ndiye anayenifundisha biolojia, saa ya chakula, tumekaa juu ya mabunda ya foronya. Nimemdanganya kwamba namsaidia binti yangu mdogo. Jana kaniuliza, "Bosi, huyo binti yako mbona anasahau kila kitu isipokuwa mapafu?" Tukacheka sana. Baadaye nikaenda chumba cha nguo chafu nikasimama peke yangu.

Kengele

2 Aprili

Binti yangu,

Kumi na nne kati ya ishirini. Ulikosea penye namba hasi. Kumbuka: hasi ukizidisha kwa hasi hupati hasi kubwa zaidi, unapata chanya. Wanafunzi wote hulikataa jambo hili mara ya kwanza, na wanayo haki, kwa sababu katika maisha haliko hivyo. Uongo juu ya uongo haujawahi kuzaa kweli. Hapo hesabu na maisha wameachana njia.

Naona nimeanza kuhubiri. Basi nihubiri mpaka mwisho.

Mwambie Mama Pacha. Nilidhani barua yangu haikumdhuru mtu. Kwa miaka kumi na mmoja nimekuwa nikijiambia kwamba ulikuwa uongo usio na mwenyewe, kama maji yaliyomwagika mchangani. Kumbe alikuwepo mtu amesimama hapo hapo, na maji yalimwagikia kiatuni mwake, naye hakujua yametoka wapi. Sasa nikikaa kwenye meza hii naona wanawake wawili ng'ambo yake, na mmoja simjui hata sura.

Karatasi ya pili ni asilimia. Nimetumia shuka tena. Katika shuka 240, asilimia kumi na tano zina madoa ya damu: ni ngapi?

Mwalimu wako

20 Mei

Shikamoo Mwalimu,

Thelathini na sita. Na zinaloweshwa kwenye maji baridi, kwanza, kabla ya sabuni. Ukianza na maji ya moto doa linapikika ndani ya uzi, halitoki tena. Hilo nakufundisha mimi.

Kuhusu Mama Pacha nimekusikia. Nipe mpaka Oktoba. Nataka nikimwendea niwe na kitu mkononi, nimwambie, "Nilikudanganya, lakini tazama, nimekwenda kukitafuta kweli." Nikienda mikono mitupu nitakuwa mwizi tu anayeomba radhi. Sikatai, Mwalimu. Naomba muda.

Binti yangu mkubwa ameniona na daftari. Ameniuliza, "Mama, si ulishamaliza shule?" Nikasema narudia kwa kupenda. Kumbe nyumbani nako nina faili.

Kengele

11 Agosti

Binti yangu,

Nilianguka bafuni mwezi uliopita. Si jambo kubwa: mbavu, na moyo kidogo. Daktari ni kijana niliyewahi kumfundisha, akaniambia kwa adabu zote kwamba nipange mambo yangu. Nimelala wiki tatu nikitazama dari, na kila nilipojiuliza ni jambo gani halijapangwa, jibu lilikuwa moja.

Nikawaza hivi. Ukisubiri Oktoba, na majibu yatoke Januari, mimi huenda sitakuwepo. Nitakuwa nimekufa na sahihi yangu ya uongo ikiwa hai ndani ya kabati la hospitali. Na pia kosa la kuandika lilikuwa langu. Ni haki kwamba kulifuta kuwe kwangu.

Kwa hiyo leo asubuhi nimemwandikia Katibu wenu. Nimemweleza kwamba barua ile haikuwa ya kweli, kwamba niliitunga mimi, kwamba wewe ulikuwa mwajiriwa wangu na hukuwa na nguvu ya kunikatalia. Lawama yote nimeichukua. Ya kwake nimeituma kwa njia ya haraka, imfikie mapema.

Usiogope. Kweli haijawahi kumwangusha mtu moja kwa moja. Leo, kwa mara ya kwanza tangu Februari, nimelala mchana nikaota ninafundisha.

Mwalimu wako

12 Agosti

Shikamoo Mwalimu,

Nimemwambia! Sikungoja Oktoba.

Ilikuwa jana, saa ya chakula. Alikuwa ananieleza moyo, vyumba vinne, damu chafu inaingia huku, safi inatoka kule. Nikaona siwezi kusikiliza zaidi. Nikasema, "Mama Pacha, hakuna binti. Ni mimi ninayefanya mtihani. Cheti sina, sijawahi kuwa nacho, na kiti hiki kilikuwa chako."

Akainuka akawasha pasi. Akapiga shuka moja, akaigeuza, akaipiga tena, Mwalimu, mara nne shuka moja! Halafu akasema, "Nilijua kuna kitu. Mwenye cheti haogopi fomu. Wewe kila ikija fomu unaumwa tumbo."

Nikamwambia anitukane. Akasema, "Nikutukane nipate nini? Miaka sita nimekuita bosi. Wanangu wanajua wewe ndiye bosi wangu kwa sababu una akili kunizidi." Hapo ndipo alipolia, nami nikalia.

Mwisho akaniambia, "Sitakusemea. Nenda kwa Katibu useme kwa mdomo wako. Nitakusindikiza mpaka mlangoni. Ndani ingia mwenyewe." Katibu yuko likizo, anarudi Jumatatu ya tarehe ishirini na nne. Siku hiyo tunakwenda, kabla ya jambo lingine lolote.

Naogopa sana, lakini ni hofu safi, kama ya siku ya kwanza shuleni. Jambo moja nakuomba. Nakujua ulivyo, hupendi kitu kibaki bila maelezo. Tafadhali, usimwandikie mtu. Niachie hili niliseme mimi.

Kengele

30 Agosti

Mwalimu,

Jumatatu tulikwenda, mimi na Mama Pacha. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu kama unavyotaka, hatua kwa hatua. Akanisindikiza mpaka mlangoni, akanirekebisha kola. Nikabisha hodi. Katibu akasema, "Vizuri umekuja, ndiyo nilikuwa nakuita." Mkononi alikuwa na barua. Mwandiko niliutambua kabla sijakaa.

Nikasema, "Mheshimiwa, nimekuja kukueleza jambo." Akajibu, "Unakuja kueleza leo, barua ikiwa imeshafika?" Mama Pacha akaingia kunitetea, akaambiwa atoke, asije akawa na yeye amo.

Unaelewa ulichonifanyia? Asubuhi ile niliamka nikiwa mtu anayekwenda kukiri. Saa tatu nilikuwa mtu aliyekamatwa. Ni maneno yale yale, siku ile ile, na hakuna nafsi duniani, isipokuwa mwanamke mmoja wa pasi, atakayeamini kwamba nilikuwa nakuja mwenyewe.

Umeniandika kwamba sikuwa na nguvu ya kukukatalia. Nilikuwa na miaka thelathini na sita! Uongo ule niliutaka, nikauchukua kwa mikono miwili. Hata kosa langu umeninyang'anya.

Barua yako kwangu ilinifikia siku mbili baadaye. Ya Katibu uliituma kwa haraka, ya kwangu kwa mwendo wa kawaida. Hata stempu zilijua nani ana umuhimu. Umelala mchana ukaota, sivyo? Umejiosha, Mwalimu, na umejiosha kwa sabuni yangu.

Na ulinijua. Ule mwaka niliochelewesha kengele dakika tano, nani alikuja ofisini kwako kusema?

Hawakunifukuza, kwa ajili ya miaka yangu ya kazi. Wamenirudisha chumba cha nguo chafu, kuchambua, nilipoanzia. Mtihani nitafanya. Karatasi zilizobaki sitaki. Usiniandikie.

(bila salamu)

8 Septemba

Kengele,

Najua umenikataza. Hii ndiyo ya mwisho.

Barua yako ya tarehe kumi na mbili ilinifikia ya kwangu ikiwa imeshaondoka siku nyingi. Nimeisoma kila siku tangu hapo.

Nilikuwa nimeanza kukueleza kwa nini nilifanya vile. Nimechana. Sina maelezo.

Nisamehe, ukiweza.

Mwalimu

19 Januari

Shikamoo Mwalimu,

Mwanao amenipigia kusema uko hai na mkaidi. Nimefurahi kwa yote mawili.

Majibu yametoka. Nimefaulu. Masomo saba, biolojia juu kuliko yote, Mama Pacha anatembea kama aliyejifungua pacha wengine. Hesabu nimepita kwa kukwaruza mlango. Lilikuja swali la asilimia nikaliona kama ndugu. Lilikuja la hasi kwa hasi, nikasimamisha kalamu, nikakukasirikia kidogo, nikaandika chanya.

Nikueleze ya chumba cha mtihani. Tulikuwa ukumbi mzima, watu wazima na wenye umri wa wajukuu zao. Muda ulipoisha kengele ikalia, na mimi nikajikuta nimesimama, mkono juu, kama nimeshika kile chuma. Msimamizi akauliza, "Mama, una swali?" Nikamwambia, "Hapana baba. Ni mara ya kwanza nasikia kengele ikipigwa na mtu mwingine."

Sasa la kukuandikia. Mama Pacha ndiye msimamizi tangu Septemba. Namwita bosi, na kila nikimwita anajibu, "Sema tena, sikusikia." Anatafuta msaidizi, na ananitaka mimi. Katibu amekubali aone maombi yangu: cheti ninacho, lakini inatakiwa pia barua ya mtu wa nje ya hospitali aliyenijua kazini kwa miaka isiyopungua kumi. Akasema, "Mtu yeyote, isipokuwa yule mzee."

Mwalimu, hakuna mwingine. Jikoni mle wote wametangulia mbele za haki. Nikamwambia Mama Pacha basi imekwisha. Akasema, "Aandike yule yule. Aliyekwisha kuungua na maji hupoza hata uji." Akaenda mwenyewe kwa Katibu wakabishana. Katibu amesema ataisoma, ila hakuahidi kuiamini.

Hasira yangu haijaisha yote. Nimeilowesha kwenye maji baridi, naisubiri. Lakini niandikie. Ukurasa mmoja. Usinisifu kwa nisichokuwa, na usinibebee nilichokifanya. Andika ulichokiona tu.

Kengele

2 Februari

Kwa Katibu wa Hospitali,

Mimi ni mwalimu mkuu mstaafu. Ndiye niliyeandika ile barua ya uongo iliyomo katika faili la mwombaji, na ndiye niliyekuandikia Agosti iliyopita. Una kila sababu ya kuisoma hii kwa shaka, nami naomba uisome hivyo.

Mwombaji alifanya kazi shuleni kwangu miaka ishirini. Alipika chakula cha wanafunzi mia tatu na kupiga kengele ya vipindi. Kidato cha nne hakumaliza wakati ule. Aliomba mara tatu nimsaidie afanye mtihani, nami mara tatu niliahirisha. Alipohitaji ushahidi wa elimu, alinijia, nikampa uongo, naye akaukubali akijua ni uongo. Kosa lile lilikuwa la watu wawili. Mwezi wa nane nilikuandikia kana kwamba lilikuwa la mmoja; hapo pia sikusema kweli.

Mambo haya niliyaona kwa macho yangu. Alikuwa akifika kabla ya jua. Hakuwahi kumpa mtoto chakula ambacho yeye asingekila. Alikuwa na ulimi mwepesi, na wapishi wenzake waliuogopa.

Katika miaka yote ishirini alichelewesha kengele mara moja. Ilikuwa siku ya mtihani wa mwisho. Kupitia dirishani alimwona msichana mmoja bado anaandika huku akilia, akangoja dakika tano nzima kabla ya kugonga. Hakuna aliyegundua. Mimi nilikuwa na saa mkononi na sikugundua. Alikuja ofisini mwenyewe, akafunga mlango, akaniambia. Nilimkaripia vikali, na sikumwambia kwamba nimemheshimu.

Kwa hiyo nashuhudia jambo moja tu kwa uhakika: huyu ni mtu anayekuja kukiri kwa miguu yake, akiachiwa muda. Agosti iliyopita alikuwa njiani kuja kwako. Mimi sikumwachia muda.

Cheti alicho nacho sasa ni chake. Katika hesabu nilimfundisha nusu ya njia. Nusu iliyobaki alikwenda peke yake.

Ile barua ya kwanza ilinichukua dakika kumi. Hii imenichukua siku tisa, na nimeituma kwake kwanza, bila kuifunga bahasha, aisome. Ikikufikia, ni yeye aliyeileta.

Mwalimu Mkuu mstaafu